Kula pamoja msimu wa korosho

Pole na msimu, dada yangu. Umeuliza mtakulaje pamoja wakati baba watoto anaondoka alfajiri kwenda shamba na anarudi watoto washalala. Huku kwetu Newala tunapita humo humo kila mwaka, Oktoba mpaka Desemba.

Mimi niliacha kung'ang'ania chakula cha usiku, tukahamia kwenye uji wa asubuhi. Saa kumi na moja na nusu sufuria iko jikoni, mbaazi nimeshazichemsha tangu jana yake jioni. Tunakaa mkekani wote, robo saa tu, simu ziko chumbani. Baba yao anamuuliza kila mtoto habari za shule. Wa darasa la pili siku hizi haamshwi. Anakuja na kikombe chake mkononi, aseme lake kabla baba hajabeba ndoo.

Jumamosi chakula kinatufuata shambani. Ugali wa muhogo na kisamvu kwenye hotpoti, tunakula chini ya mkorosho, kisha watoto wanasaidia kidogo kutenganisha korosho na mabibo, yale matunda yake.

Siku ya kupeleka mzigo kwenye ghala la chama cha ushirika usiihesabu kabisa, foleni ya mizani haina saa. Mwekee chakula chake, na akirudi kaa naye hata kama umeshiba. Inauma sana mtu kula peke yake baada ya siku kama ile.

Watoto wako wana umri gani? Kama kuamka bado ni vita, anza na Jumamosi.