Kabla hujakata chuma, mwaga vifuniko mia mezani

Mashine yangu ya kwanza ya kupanga vifuniko vya chupa niliijengea Kariobangi Light Industries, mtaa wa karakana jijini Nairobi, na kazi niliianza kwa kuchomelea. Kosa hilo ndilo linalonifanya niandike haya.

Mteja wangu alikuwa akijaza maji kwenye chupa huko Industrial Area. Vijana wawili walishinda kutwa wakigeuza vifuniko kwa vidole, ili vyote vielekee upande mmoja kabla ya kuingia kwenye mtambo wa kufunga. Nikachora mikono midogo ya chuma ya kukamata kila kifuniko kilicholala vibaya na kukipindua. Miezi miwili ikaishia humo. Nilipoilisha mashine kifuniko kimoja kimoja ilikwenda vizuri, lakini tulipoimwagia gunia zima ilikwama ndani ya dakika chache. Niliumia, maana fedha za mteja zilikuwa zimekwisha na vijana wale walirudi kwenye benchi lao.

Mzee mmoja aliyekuwa akikunja mabati kibanda cha pili alinitazama siku nzima, kisha akaniuliza: "Kijana wangu, kwani ni lazima ukigeuze? Kilicholala vibaya si ukiangushe tu, kipate kupanda tena?"

Tangu siku hiyo sijajenga mkono wa kupindua. Kipande kilicholala vibaya hurudi chini kwenye wenzake, kikatikiswa na kupata nafasi nyingine ya kulala vizuri. Bakuli la mtikisiko hufanya kazi hivyo, na linapatikana viwandani karibu dunia nzima.

Ukitaka kulielewa, mkumbuke mama akipepeta mchele kwa ungo. Harusha ovyo, mkono unapanda na kusogea mbele kwa pamoja, na punje zinatembea kuelekea anakotaka. Bakuli nalo ni hivyo hivyo. Limekalia springi bapa zilizoinama, na chini yake kuna sumaku ya umeme. Sumaku ikivuta, bakuli linashuka na kujizungusha kidogo; ikiachia, springi zinalirudisha juu na mbele. Kila kifuniko kinaruka hatua ndogo isiyoonekana kwa macho, kikipanda njia inayozunguka ukuta wa ndani. Stima yetu ni ya hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi huvuta mara mbili, kwa hiyo sumaku iliyounganishwa moja kwa moja huvuta mara 100 kwa sekunde. Ukiweka dayodi, kifaa kinachopitisha stima upande mmoja tu, nusu ya wimbi inakatwa, sumaku inavuta mara 50 na hatua zinakuwa ndefu zaidi.

Sasa fanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Tia vifuniko 100 kwenye karai, vitikise, vimwage juu ya bati, uhesabu vingapi vimelala mdomo juu, vingapi mdomo chini, na vingapi vimesimama kwa ubavu. Rudia mara kumi. Vyangu vililala mdomo juu karibu 70 katika kila 100, na sababu yake ni nyepesi: plastiki nyingi ya kifuniko iko mgongoni, kwa hiyo uzito unapenda kukaa chini.

Mtambo wa kufunga ulitaka vifuniko 60 kwa dakika, tena mdomo chini, kama vinavyokaa juu ya chupa. Wazo la kwanza lilikuwa kupitisha vya mdomo chini na kuangusha vilivyobaki. Piga hesabu: vikiwa 30 tu katika 100, njia lazima ipandishe vifuniko 200 kwa dakika ili ipate 60. Kifuniko chenye upana wa milimita 30, vikiwa vimegusana, hiyo ni milimita 100 kila sekunde, na kwenye bakuli langu mwendo huo ungerusha vifuniko nje ya njia. Nikageuza swali. Nikapitisha vya mdomo juu, vilivyo vingi; hapo 86 kwa dakika vinatosha, yaani milimita 43 kwa sekunde. Vikishatoka vyote vikielekea upande mmoja, vinashuka kwenye mfereji uliosokotwa nusu mzunguko, vinafika chini vyote mdomo chini. Unasokota njia mara moja tu, na kila kifuniko kinageuka kikipita. Mtu akija karakanani kwangu, hesabu hii ndiyo ninayomwandikia kwanza ukutani kwa chaki.

Mitego ya kuangusha ni mitatu. Ulimi wa bati juu ya njia, ulioinuka kidogo tu kuliko unene wa kifuniko kimoja, husukuma vilivyopandana na vilivyosimama kwa ubavu. Mbele yake njia inakuwa nyembamba, inapitisha kimoja kimoja. Mtego wa tatu ndio wenye uzuri wake: unakata njia umbo la nusu mwezi kwenye ukingo wa ndani. Kifuniko cha mdomo juu kimekalia mgongo wake wote, kwa hiyo kinapita. Cha mdomo chini kimekalia ukingo wake tu, na ukingo huo ukifika penye mwanya unakosa pa kukanyaga, kinainama na kuanguka bakulini. Mwanya huo ufungue kwa tupa kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, maana ukishakata sana hairudi. Mimi hujaribu kwanza kwa kipande cha alumini kilichofungwa kwa skrubu, kisha ndipo nikate njia yenyewe.

Stima nayo ilinisumbua usiku wa siku mbili. Springi hupangwa ili bakuli litikisike karibu na kasi ambayo lingejitikisa lenyewe, kwa hiyo voteji ikipanda kidogo tu, vifuniko vinaruka kama bisi, ikishuka, vinasimama. Nunua kirekebishi cha voteji kabla ya kulaumu springi, hata cha maduka ya umeme ya Luthuli Avenue, Nairobi, kitakusaidia kuanza. Na kitako kiwe kizito kuliko bakuli kwa mbali. Kikiwa chepesi, meza ndiyo itakayotikisika.

Kuna swali ambalo mafundi wengi wanaona aibu kumwuliza mteja: je, kipande chenyewe kinaweza kubadilishwa? Uliza. Geoffrey Boothroyd, Mwingereza aliyefundisha uhandisi Massachusetts, alifanyia utafiti ulishaji wa vipande vidogo kwa miaka mingi, na ushauri wake ninauamini kabisa: kipande kifanane pande zote, la sivyo kitofautiane waziwazi. Pini yenye tundu upande mmoja tu ni mateso. Toboa pande zote mbili na kazi nusu imekwisha. Springi zenye ncha wazi husukana kama nywele, basi mwombe anayezikunja azifunge ncha.

Mafundi vijana wananiuliza kuhusu kamera ya kutambua kipande kimelalaje. Kamera ina kazi yake, hasa pale tofauti iko kwenye rangi au maandishi tu. Lakini umbo lina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1993 mtafiti wa roboti Ken Goldberg alithibitisha kihesabu kwamba kipande bapa chenye pembe nyingi kinaweza kuelekezwa bila kihisi chochote, kwa kukibana mara kadhaa kati ya taya mbili sambamba kwa mpangilio maalumu.

Mashine ya pili ilipoanza kazi, vijana wale wawili walihamia kupakia katoni. Baada ya muda nikapigiwa simu: vifuniko vya mdomo chini vinapita. Nilipofika nilipima viwili kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, cha zamani na kipya. Muuzaji alikuwa amebadilishwa, na ukingo wa kipya ulikuwa mnene zaidi, ukipata pa kukanyaga hata penye mwanya wangu. Nilitoa kipande cha alumini, nikaongeza mwanya kwa tupa, nikarudisha. Siku hizi, kabla sijachora chochote, namwambia mteja aniletee mifuko mitatu ya vifuniko, kila mmoja kutoka mzigo tofauti.