Maswali ya Waandishi: Mbona Muuaji Anajulikana Mapema?

Swali: Riwaya yangu ya upelelezi ina sura 20. Wote niliowapa waisome wamemjua muuaji kufikia sura ya 6, na hali sikumtilia shaka hata mara moja. Tatizo nini? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Tatizo ni hilo hilo, kwamba hukumtilia shaka. Msomaji wa riwaya hizi ni mjanja. Akiona mtu anaingia na kutoka kila sura, mpole, hana kazi yoyote kwenye hadithi na hakuna anayemshuku, anamwekea alama. Mpe kazi: awe ndiye mtunza funguo, au anayempikia mpelelezi chai. Kisha mshuku mapema, sura ya 4 au ya 5, umsafishe kwa sababu inayoingia akilini lakini yenye ufa utakaokuja kuonekana baadaye.

Ushahidi nao usiufungie kabatini. Uweke wazi, mahali ambapo jicho halitulii. Tuseme muuaji ni mpangaji aliyeapa kwamba hajawahi kukanyaga chumba cha marehemu. Andika hivi: "Mpangaji alitangulia gizani, akapeleka mkono nyuma ya kabati, akawasha taa. Godoro lilikuwa limechanwachanwa, pamba imetapakaa sakafu nzima." Msomaji atalikimbilia godoro. Swali la nani alimwonyesha mpangaji swichi iliyojificha vile litamjia kwenye sura ya 19, na akirudi nyuma ataikuta sentensi pale pale. Kinachowaudhi wasomaji, na wana haki, ni mpelelezi anayeokota kitu, akatabasamu, akakitia mfukoni bila sisi kuambiwa ni kitu gani. Huko ni kumdhulumu msomaji.

Kabla hujaandika upya, chora jedwali la safu tatu: kilichotokea kweli, anachodhani msomaji, na sura ilipowekwa kila dalili. Dalili tatu zinatosha kumtia muuaji hatiani. Ya kwanza iwe ndani ya sura 5 za mwanzo, na isiingie mpya baada ya sura ya 17. Washukiwa wanne au watano wanatosha. Wakiwa wawili msomaji atabahatisha, wakifika wanane atawasahau. Majina yasifanane pia. Saidi, Salehe na Salima ndani ya nyumba moja ni kumtesa mtu bure.

Swali: Marehemu amekutwa chumbani kwake Kariakoo saa 1 asubuhi. Daktari anamgusa na kusema alikufa saa 6:20 usiku. Inafaa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Toa hizo dakika 20. Hakuna daktari anayeweza kuzipata kwa kugusa, na Dar es Salaam ndiyo kabisa, maana ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 30 mwili haupoi upesi. Anachoweza kuangalia ni kukakamaa: huanzia kwenye taya na shingo baada ya saa 2 hadi 4, kukaenea mwili mzima kwa takriban saa 12, na joto huharakisha yote hayo. Mwache aseme "kati ya saa 4 na saa 9 usiku." Kwako wewe ni faida, kwa sababu kila mshukiwa atalazimika kueleza alikuwa wapi kwa saa tano nzima.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wengi hulisahau. Damu hutuama upande wa mwili uliolala chini, na baada ya saa 8 hadi 12 hivi haihami tena. Marehemu akikutwa chali ilhali mabaka ya damu hiyo yapo kifuani, basi kuna mtu aliyemgeuza saa kadhaa baada ya kufa. Hiyo ni sura nzima ya riwaya.

Swali: Mshtakiwa wangu wa mauaji anapewa dhamana katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, anatorokea Mombasa. Vipi? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Haitawezekana. Tanzania kosa la mauaji halina dhamana. Kisutu atasomewa shtaka tu, wala hatatakiwa kujibu lolote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Itasikilizwa Mahakama Kuu. Una njia mbili. Mshtaki kwanza kwa kosa lenye dhamana, mathalani wizi wa simu ya marehemu, atoroke kabla shtaka halijabadilishwa. Au hamishia kesi Kenya, ambako tangu Katiba ya 2010 Mahakama Kuu inaweza kumpa dhamana hata mshtakiwa wa mauaji, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kumnyima. Ukichagua Kenya, Mombasa haitakuwa tena mahali pa kukimbilia. Mvushe mpaka wa nchi, aje huku Tanzania.