Kabla hujanywa maji ya kisima cha uani

Kisima chetu hapa Langoni, Lamu, kilichimbwa kabla mama mkwe hajaolewa, na maji yake hayana chumvi kama ya visima vingine. Kwa hiyo binti yangu aliposhikwa na tumbo la kuendesha wakati wa masika, siku tatu mfululizo, hakuna aliyekitazama. Tulilaumu samaki.

Afisa wa afya alichukua maji kwenye chupa, na majibu yakarudi na E. koli. Bakteria hawa huishi matumboni mwa watu na wanyama. Wakionekana majini, ujue kinyesi kimeingia, na huenda kimekuja na kipindupindu au homa ya matumbo. Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Jicho halimwoni, ulimi haumwonji.

Mama mkwe alisema, "Sisi tumeyanywa miaka yote, mwanangu." Sikubishana naye, kwa kuwa mwili wa mtu mzima huzoea baadhi ya vijidudu. Mtoto bado hajazoea. Tena vijidudu havilingani: vya kuhara damu, Shigela, hata 10 vyaweza kumwangusha mtu, ilhali vya kipindupindu kwa kawaida huhitajika kwa wingi mno. Basi uliza ni nani anayekunywa: mtoto mchanga, mja mzito, mzee, mgonjwa?

Kisha tafuta kinyesi kilipo. Zunguka nyumba kwa miguu. Mimi nilikuta jirani amechimba shimo jipya la choo nyuma ya ukuta wetu, hatua chache tu kutoka kisimani, na samadi ya punda kichochoroni ikisombwa na mvua hadi mdomoni mwa kisima. Wataalamu hupenda mita 30 kati ya choo na kisima. Katika mitaa yetu iliyobanana utazipata wapi? Na mchanga wetu hupitisha maji upesi. Masika maji ya ardhini hupanda yakakutana na shimo, kwa hiyo kisima kilichopimwa kikawa salama wakati wa kiangazi kipimwe tena mvua zikinyesha.

Tukaanza kuchemsha mpaka maji yatokote. Wiki mbili baadaye, mtoto akaharisha tena! Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Maji yalikuwa safi yakitoka jikoni, lakini mtungini kila mtu alichota kwa kata ileile, vidole vikizama. Angalia njia yote, kutoka kisimani hadi mdomoni, hasa mkono wa mwisho. Nilinunua ndoo yenye mfuniko na bomba, nikaweka sabuni karibu na choo.

Gesi ya kuchemshia ikiisha, maji hutiwa katika chupa za plastiki angavu na kuwekwa juani kwa muda wa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, ili jua liue vijidudu. Maji yawe maangavu, yasiwe na tope.

Kisima hatujakifukia. Tumeujenga mdomo wake juu kwa saruji, na maji yake ni ya kufulia na kuoshea ua. Mama mkwe naye sasa hunywa ya ndoo, ingawa husema hayana utamu.