Bodi ya Land Rover kuukuu juu ya chasisi ya Prado: anza na tepu

Siku tuliponyanyua bodi ya pikapu ya marehemu baba, kwenye karakana moja ya Changamwe, fundi wetu alichukua nyundo ndogo akagonga chuma cha nyuma cha chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote. Nyundo haikudunda. Ilipenya kama kidole kinavyopenya boflo lililolowa chai. Gari lile lilibeba nazi na makuti kutoka Msambweni hadi Kongowea kwa miaka mingi, likivuka feri ya Likoni kila safari na kulala nje, karibu na bahari. Chumvi ilikuwa imeila chasisi kutoka ndani, mahali jicho lisipofika.

Bodi yenyewe ilikuwa nzima. Land Rover zilipoanza kuundwa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, ndipo waundaji wakakimbilia alumini. Ndiyo maana huku pwani utakuta Land Rover za makamo ya baba zetu zina sura nzuri juu ya mifupa iliyooza. Yetu ni Series III, ile ndefu inayoitwa 109, ya mwaka 1976.

Chasisi mpya za aina ileile bado hutengenezwa Uingereza, zimepakwa zinki kabisa. Kama unataka gari la kumbukumbu, libaki jinsi lilivyotoka kiwandani, agiza hiyo na usisome zaidi. Mimi nilitaka gari la kazi, la kubeba mzigo kila wiki, lenye breki za kuaminika. Series III ina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na anayejua kuteremka kutoka mjini Kwale hadi Kombani akiwa amejaza nazi ataelewa kwa nini nilitaka breki za diski. Nikaamua kutafuta chasisi ya kisasa.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike. Nilinunua chasisi kwa kuangalia bei. Nilipata ya Hilux, ile iliyotoka kuanzia 2005, injini nzuri, bei nzuri, nikalipa siku hiyohiyo. Ilipofika karakana ndipo tulipotoa tepu. Jina 109 linatokana na inchi, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani kama mita 2.77. Chasisi ya Hilux ilikuwa mita 3.085. Zaidi ya sentimita 31! Ukilinganisha magurudumu ya mbele, ya nyuma yanatokeza nje ya nafasi yake, karibu na taa za nyuma.

Wengi waliopita karakana walinishauri tukate chasisi katikati, tutoe kipande, tuchomelee. Fundi mkuu, mzee ambaye sote twamwita Ami, alikataa. "Mwanangu," aliniambia, "gari si suruali, ati ikiwa ndefu ikatwe." Nakubaliana naye kabisa. Kufupisha chasisi kunawezekana, lakini kunataka mkato wa mshazari, mabamba ya ndani na ya nje, meza ya kunyooshea chasisi, na mchomeleaji ambaye kazi yake imejaribiwa. Kipande kilichounganishwa kichwa kwa kichwa, kwa mstari mmoja wa kuchomelea, hubeba mzigo vizuri mpaka siku kitakapokatika, na siku hiyo hutakuwa umesimama. Niliuza Hilux kwa hasara nikaanza upya.

Mara hii nilitembea na tepu mfukoni na karatasi yenye vipimo. Jibu lilikuwa Prado ya aina ya 120, yenye milango mitano. Umbali wa ekseli zake ni mita 2.79. Tofauti na Land Rover ni takriban sentimita mbili, na sentimita mbili unazimaliza kwa kusogeza bodi kidogo bila kukata chochote. Wamarekani wanaopenda mchezo huu hufuata hesabu hiyohiyo: pikapu ya Chevrolet 3100 ya miaka ya 1950 mwanzoni ina inchi 116, nao huiweka juu ya chasisi ya S-10, pikapu ya Chevrolet ya miaka ya baadaye, yenye inchi 117.9. Si kwamba chasisi hizo zina undugu wowote, ingawa zote ni za Chevrolet. Ni tepu tu iliyoyakutanisha.

Usinunue chasisi tupu. Nunua gari zima lililogongwa, ikiwezekana lililogongwa ubavuni au lililobingirika, ambalo mbele na chini yake ni pazima. Gari la kisasa si injini na giaboksi peke yake. Kuna kompyuta ya injini, ufunguo unaotambuliwa na kompyuta hiyo, nyaya kutoka mwanzo hadi mwisho, pedali, mti wa usukani, tangi na pampu ya breki. Mwenye kuuza akishatoa vitu hivi akauza kimoja kimoja, utazunguka kwenye maduka ya vipuri mpaka uchoke, na bado injini itakataa kuwaka kwa sababu ufunguo si wake. Kabla ya kulipa, pima chasisi kwa mshazari: kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, chasisi imepinda. Iache.

Na karatasi. Gari nchini Kenya hutambuliwa kwa namba ya chasisi, kwa hiyo ukibadilisha chasisi umegusa utambulisho wenyewe wa gari. Nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, si baada yake. Hakikisha gari unalonunua lina logibuku, na kwamba jina lililo kwenye kumbukumbu zao ni la huyo anayekuuzia. Waeleze unachotaka kufanya, uliza gari litasajiliwa vipi na ukaguzi utafanywa lini. Zungumza na kampuni yako ya bima pia. Nilitamani sana kubaki na namba ya usajili ya baba, zile za zamani zisizo na herufi mwishoni, lakini nililiweka jambo hilo mikononi mwa wenye mamlaka mapema, na nawe fanya hivyo. Usithubutu kukata kipande chenye namba kutoka chasisi moja ukakichomelea kwenye nyingine. Hilo ni kosa la jinai, hata kama magari yote mawili ni yako.

Sasa kazi yenyewe. Chasisi iwekwe juu ya stendi nne, ipimwe kwa pima maji pande zote mpaka isawazike, kisha isiguswe tena. Bodi ya Land Rover haiteremshwi yote kwa pamoja. Anza na ule ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, kwa sababu milango, dashibodi, mabawa ya mbele na kioo vyote hufuata ukuta huo. Kwetu ulikuwa umeoza sehemu za kuwekea miguu, kama ilivyo kwenye nyingi za hapa pwani, na tuliutengeneza kwanza. Tuliuweka juu ya vipande vya mbao, tukaupima kutoka ekseli ya mbele kulia na kushoto, halafu tukafunga milango yote miwili kabla ya kuchomelea kishikizo chochote.

Hili la milango nalisisitiza. Vishikizo vishikwe kwa nukta ndogo tu za kuchomelea, milango ifungwe na kufunguliwa, nafasi kati ya mlango na nguzo itazamwe juu na chini. Sisi tulitumia wiki mbili hapo, tukitoa na kurudisha, na jirani wa karakana alidhani tumekwama. Ukichomelea moja kwa moja kisha ugundue mlango unasugua, utalazimika kukata kila kitu. Vishikizo tulivitengeneza kwa bamba la milimita 5, kila kimoja na pembetatu ya kukikazia, na juu yake tukaweka raba za Prado zenyewe. Land Rover kiasili hufungwa kwa bolti chuma kwa chuma, lakini chasisi hujipinda kidogo barabarani, na raba huizuia bodi isipasuke. Kila tukichomelea, betri ilikuwa imetolewa, kompyuta imechomolewa, na tangi liko nje ya karakana.

Usukani ndio ulioninyima usingizi. Wa Prado umekaa tofauti kabisa na wa Land Rover, na mti wake hauelekei kwenye tundu la zamani. Tulitumia mti wa Prado mzima, ule unaojikunja gari linapogongwa, pamoja na jointi mbili za kuuwezesha kupinda. Hakuna sehemu hata moja ya usukani au breki iliyochomelewa gereji. Ukiambiwa na fundi kwamba atauunganisha mti wa usukani kwa kuchomelea, mshukuru, lipa alichokwisha kufanya, na uhamishe gari.

Upana utakushangaza. Magurudumu ya Prado yameachana mita 1.575 kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi. Ya Land Rover ni kama mita 1.33, na bodi yote ina upana wa mita 1.68 hivi. Kwa hiyo matairi yanatokeza nje, na yatarusha tope na mawe kwa kila anayepita. Tuliunda kofia za matairi kwa alumini, tukazipaka rangi ya bodi. Kuna wanaovutia magurudumu ndani kwa kubadilisha rimu, nami sipendi, maana tairi hukaribia mikono ya usukani. Nyuma, chasisi ya Prado hupanda juu ya ekseli, na sakafu ya kubebea mzigo ikabidi iinuliwe. Tulipoteza kina kidogo cha kubebea nazi. Nimeridhika.

Jambo la mwisho ni la sisi wa pwani hasa. Alumini ikigusana na chuma palipo na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukichipuka chini ya rangi, kando ya bolti. Tulikata vipande vya tyubu ya tairi tukaweka kila mahali alumini inapokutana na chuma, na bolti zote ni zilizopakwa zinki, kila moja ikiwa na washa ya plastiki. Ndani ya chasisi tulipuliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake. Sikukubali oili chafu, ingawa ni desturi ya gereji nyingi, kwa sababu huharibu raba na huchuruzika ikaisha. Wala usipake andasili, ile rangi nzito ya kukinga chini ya gari, juu ya kutu: unyevu hufungiwa ndani na kutu huendelea kula kimyakimya. Rangi tulipaka wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, hewa ikiwa kavu. Ami alikataa katakata kushika bomba la rangi masika yalipokaribia.

Tulianza kulijaribu bila mzigo kwenye barabara ya Dongo Kundu, kisha kwa magunia ya mchanga, na mwisho tukapanda Kwale na kuteremka tukiwa tumejaza nazi. Baada ya kilomita 500 tulikaza upya kila bolti ya bodi, na kumi na moja zilikuwa zimelegea. Baada ya 1,000 tukarudia, zikawa mbili. Sasa nazikagua kila mwezi, nikianza na zile mbili chini ya mlango wa dereva.