Saini ya Kamishna kwenye ridhaa ya Gavana

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni Mtanzania niliyeolewa Lagos, Nigeria. Tunataka kununua nyumba, na muuzaji ametuonyesha ridhaa ya Gavana aliyopewa yeye aliponunua. Aliyetia saini ni Kamishna, wala jina la Gavana halipo. Je, barua hiyo ina nguvu?

JIBU: Dada yetu, saini hiyo haiibatilishi barua, mradi Gavana alikwisha kumkasimu Kamishna mamlaka hayo kabla hajaitia saini. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1978 inaiweka ardhi ya jimbo mikononi mwa Gavana kama mdhamini wa wananchi, na kifungu cha 22 kinamkataza mwenye haki ya kukalia ardhi kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha kabla ya kupata ridhaa yake. Majalada yanayofika Alausa, yaliko makao ya serikali ya jimbo la Lagos, ni mengi mno kusomwa na mtu mmoja. Ndiyo maana kifungu cha 45 kinamruhusu Gavana kumkasimu Kamishna mamlaka yake yote au baadhi, kwa masharti atakayoyaweka. (Kamishna wa jimbo huko ni mjumbe wa baraza la Gavana, mfano wa waziri, tofauti na Kamishna wa Ardhi wa kwetu, ambaye ni mtumishi wa umma.)

Masharti hayo ndiyo ya kuyatazama kwa makini. Mwombeni wakili wenu aione hati yenyewe ya kukasimu: ilitolewa lini, kwa nani, na kwa maombi ya aina gani. Kama aliyesaini angekuwa mkurugenzi au ofisa mwingine, ningekuwa na wasiwasi zaidi. Ni kweli kwamba kifungu cha 5 cha Katiba ya mwaka 1999 kinamruhusu Gavana kutekeleza madaraka yake kupitia Naibu wake, Makamishna au watumishi wa umma wa jimbo, lakini nisingethubutu kulipia nyumba kwa kutegemea maneno mapana kama hayo, ilhali sheria ya ardhi imemtaja Kamishna peke yake.

Wala msione kwamba huu ni urasimu mtupu. Mwaka 1989, katika shauri la Savannah Bank dhidi ya Ajilo, Mahakama ya Juu ya Nigeria ilitamka kuwa rehani iliyowekwa bila ridhaa ya Gavana ni batili, na benki ikakosa dhamana ya mkopo wake, ingawa aliyeleta hoja hiyo mahakamani ni yule yule aliyeweka rehani na ambaye ndiye aliyepaswa kuiomba ridhaa.

Jambo la mwisho: barua mliyoonyeshwa inahusu mauziano ya muuzaji wenu na aliyemuuzia yeye. Mauziano yenu yanahitaji ridhaa mpya ya Gavana, kwa hiyo andikeni kwenye mkataba nani ataiomba, nani atalipa ada zake, na fedha zitarudishwaje ikikataliwa.