Uliza Fundi: Gia ya juu inateleza, lakini habu haina kosa

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya breki na rimu zilizopinda ili nijibu barua tatu za baiskeli za gurudumu moja. Kibanda changu kiko Ngara, Nairobi, na vijana wa sarakasi hunipitia karibu kila siku wakielekea Sarakasi Dome, lile jumba lililokuwa sinema ya Shan. Gurudumu moja la kawaida nimelizoea kama jembe kwa mkulima. Lenye gia ni nadra hapa mjini, na mafundi wengi wakiletewa hukimbilia kulifungua. Ndiyo maana jibu la kwanza ni refu.

Shikamoo Fundi. Mimi ni msarakasi, naishi Huruma. Mgeni mmoja aliniachia baiskeli ya gurudumu moja yenye gia mbili, inchi 29, habu yake (kile kitovu cha gurudumu) ni Schlumpf. Nilianguka nayo, fremu ikapinda, nikaenda Kamukunji nikachomelewa nyingine. Tangu hapo gia ya chini iko sawa kabisa. Nikiingia gia ya juu na kukanyaga kwa nguvu, nasikia "kwak!", pedali zinateleza mbele na fremu inaruka katikati ya mapaja. Nimekaza bolti za beringi mpaka mwisho, bado. Sasa hata kubadilisha gia kumekuwa kazi. Fundi wa hapa mtaani anasema meno ya ndani yamelika na anataka kuifungua habu kwa elfu tatu. Nimpe?
*Msarakasi, Huruma*

Marahaba, kijana wangu. Usimpe. Na asante kwa kutaja ile fremu ya Kamukunji, maana jibu lote limo humo.

Habu hiyo ilibuniwa na Florian Schlumpf wa Uswisi. Ndani yake mna vigia vidogo vinavyoizunguka gia ya katikati kama sayari zinavyolizunguka jua. Katika gia ya chini vyote vimefungwa pamoja, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, kana kwamba hakuna gia. Katika gia ya juu, mzunguko mmoja wa pedali hulipa gurudumu mzunguko 1.55. Inchi zako 29 zinakwenda kama gurudumu la inchi 45.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Gurudumu likiongezewa mwendo, linapunguziwa nguvu. Chukua nguvu unayoitia kwenye kranki, ule mkono unaobeba pedali, uigawe mafungu 100: katika gia ya juu, gurudumu hupata kama 65 tu. Yale 35 hayayeyuki. Yanataka kukizungusha kile kipande cha habu ambacho hakitakiwi kuzunguka, na kinachokizuia ni fremu. Upande mmoja wa habu, pale beringi inapokaa, kuna sehemu ambayo fremu lazima iishike kwa meno au kwa skrubu, na namna ya kuishika hutofautiana kwa toleo. Fremu ya kawaida haina kitu hicho. Inaikumbatia beringi tu, na kukumbatia hakutoshi. Katika gia ya chini fremu haidaiwi nguvu yoyote ya namna hiyo, na ndiyo maana huko husikii kitu.

Mtu anayesema meno yamelika hajajiuliza kwa nini yamelika siku ile ile fremu ilipobadilishwa.

Usiniamini mimi. Nenda dukani ununue rangi ya kucha, nyekundu ndiyo nzuri. Safisha grisi pale beringi inapokutana na fremu, pande zote mbili, kisha chora mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye fremu, uvuke ukingo, umalizikie kwenye kile kipande cha habu kisichozunguka. Acha ikauke. Endesha mita ishirini katika gia ya juu, kanyaga mpaka usikie ile "kwak", ushuke utazame. Mstari ukiwa umekatika na nusu moja imehama, umeona kwa macho yako kinachoteleza. Mwaka jana nilimfanyia hivyo kijana mwingine hapa nje ya kibanda. Ule mstari ulihama upana wa punje ya mchele kwa kukanyaga mara moja tu.

Tiba yake: tafuta ile fremu iliyopinda. Naomba sana uwe hujaiuza kwa wa vyuma chakavu. Kagua vishikio vyake vya beringi, kimoja kitakuwa na tofauti: tundu la skrubu, au sehemu iliyochongwa. Kata kishikio hicho ukipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kuchonga vyuma, si mchomeleaji peke yake, akuandalie kama hicho kwenye fremu mpya. Au bora zaidi, kama miguu ya fremu ya zamani ndiyo iliyopinda na vishikio ni vizima, vihamishie vyenyewe. Mwambie mchomeleaji habu na beringi zisiwepo karibu wakati wa moto. Nimeona beringi zilizokaangwa mpaka mipira yake ikageuka buluu.

Sasa zile bolti ulizokaza mpaka mwisho. Zilegeze leo, kabla hujafanya lingine lolote. Kishikio cha beringi hakikazwi kama nati ya gurudumu la matatu. Kinakazwa kwa vidole, halafu robo ya mzunguko kwa alenki, ile spana ya pembe sita, basi. Ukizidisha unaibana beringi ikawa yai, na kwenye habu ya gia unaongeza kosa la pili: unaikunja habu nzima kidogo, na ule ufito unaopita katikati ya ekseli kubadilisha gia unaanza kukwaruza. Ndiyo maana kubadilisha kumekuwa kugumu. Inua baiskeli, zungusha gurudumu kwa mkono, sikiliza. Likisimama upesi au likitoa sauti ya mchanga, bado umebana. Kama baada ya kulegeza beringi inacheza ndani ya kishikio cha fremu mpya, usirudi kukaza. Kata kipande chembamba cha kopo la soda, ukizungushe kati ya beringi na kishikio. Ni dawa ndogo na inakaa miaka.

La tatu ni vitufe. Unajua unabadilisha gia kwa kugonga kitufe kilicho mwisho wa ekseli kwa kisigino au kifundo. Ulipoanguka, kitufe cha upande ule huenda kiligonga lami. Kitufe hushikwa na skrubu ndogo sana, na kikisogea ndani hata kidogo kinakutana na kranki kabla gia haijaingia sawasawa. Hapo meno yanashikana nusu nusu. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu meno yaliyoshika nusu huachia ghafla, mguu unakanyaga hewa, na wewe unatua kwa uso. Sukuma kila kitufe kwa kidole gumba mpaka mwisho, taratibu, huku ukitikisa gurudumu. Lazima usikie na uhisi kimeingia, na kikiwa kimeingia kibaki na nafasi ndogo kati yake na kranki.

Kuhakikisha gia imeingia, geuza baiskeli kichwa chini, chukua valvu ya tairi iwe alama yako. Zungusha pedali mara 20 ukihesabu valvu inapita mara ngapi. Gia ya chini ni 20 kamili. Gia ya juu ni 31. Ukipata 30, una habu ya toleo la awali, ile ya 1.5, nayo ni nzima pia. Ukipata hesabu inayobadilika kila ukirudia, hapo kweli kuna jambo ndani.

Na usitishike ukisikia pedali zinacheza kidogo mbele na nyuma katika gia ya juu. Vigia vina nafasi kati ya meno, na mchezo huo huongezeka gia ya juu. Habu imezaliwa nao, si ugonjwa.

Kwa nini nakuzuia kufungua? Nilipokuwa na miaka 19, nikijifunza kazi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea Raleigh yake yenye habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer. Alilalamika kwamba kati ya gia ya pili na ya tatu mguu unakanyaga hewa. Niliifungua juu ya gunia, kando ya barabara. Ndani mna springi nyembamba kama unywele, na moja iliruka. Tuliitafuta vumbini mpaka giza likaingia, mimi na yeye tumepiga magoti. Haikuonekana. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba habu zile zina pengo tupu kati ya gia ya pili na ya tatu tangu kiwandani, na kilichotakiwa kilikuwa kukaza waya wa gia kwa kugeuza nati moja. Mwalimu yule alitembea kwa miguu muhula mzima. Kila ninapoombwa kufungua habu, nayaona magoti yake yenye vumbi.

Ukishatengeneza fremu, ukalegeza beringi, ukapanga vitufe, na hesabu ya valvu bado inayumba, niandikie tena. Hapo tutatafuta njia ya kuifikisha kwa walioitengeneza. Mpaka wakati huo, gia ya chini peke yake, na kofia ngumu kichwani.

Hujambo Fundi. Binti yangu wa miaka 11 anajifunza gurudumu moja la kawaida. Pedali ya kushoto imelegea mara tatu, na nyuzi za kranki zimeanza kuliwa. Kila mara naikaza kwa spana na nguvu zangu zote.
*Mama Shiru, Buruburu*

Sijambo, Mama Shiru. Nguvu zako hazina tatizo. Baiskeli inaendeshwa kinyumenyume.

Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: hukazwa kwa kugeuza kushoto. Zilitengenezwa hivyo kwa sababu mwendo wa miguu, mzunguko baada ya mzunguko, huisukuma pedali ifunguke ikiwa nyuzi zake hazielekei upande unaofaa. Kwa baiskeli ya magurudumu mawili huwezi kukosea, lakini gurudumu moja halina mbele wala nyuma ila siti tu. Mtu akiigeuza siti, au akilitoa gurudumu kuziba pancha na kulirudisha limegeuka, kushoto kunakuwa kulia, na kila anapoendesha anazifungua pedali zote mbili.

Tazama ncha ya ekseli ya pedali au mgongo wa kranki, utaona herufi L na R. Mwache binti akae, mguu wake wa kushoto uwe juu ya L. Kama sivyo, legeza kibano cha siti, uigeuze iangalie upande wa pili, ukaze. Kazi ya dakika mbili. Ile kranki iliyoliwa nyuzi ibadilishwe. Usikubali ichomelewe pedali moja kwa moja, kwani siku ikivunjika hutaweza kuitoa. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi mpya kabla ya kufunga.

Fundi, nimejitengenezea gurudumu moja refu lenye cheni, siti iko kama mita moja na nusu juu. Gurudumu inchi 20, kwenye kranki sproketi ya meno 28, kwenye gurudumu 20. Nilitoa friwili, ile inayoacha gurudumu lizunguke bila pedali, nikafunga sproketi ngumu kwenye nyuzi zile zile. Mbele inakwenda vizuri. Nikikanyaga nyuma kupunguza mwendo, sproketi inajifungua. Nimeweka gundi ya nyuzi, imeshindwa.
*Fundi mwenzako, Kariobangi*

Mwenzangu, hongera kwa kazi. Hesabu yako ni nzuri: 28 kwa 20 ni 1.4, kwa hiyo inchi 20 zinakwenda kama 28, na umepata gia bila kununua habu ya ng'ambo.

Nyuzi za friwili zinakazwa na mguu unaokwenda mbele tu. Ukikanyaga nyuma unazifungua, na kwenye gurudumu moja kukanyaga nyuma ndiyo breki na ndiyo mizani yako. Gundi haitashinda uzito wa mtu mzima. Habu za baiskeli za mashindano ya uwanjani huwa na pete ya pili yenye nyuzi za kinyume inayoifunga sproketi, lakini hizo hapa Nairobi utazisaka.

Njia rahisi iko Gikomba. Tafuta gurudumu la mtumba lenye habu ya breki ya diski, ile yenye matundu sita ya bolti. Mduara wa matundu hayo ni milimita 44, na diski chakavu yoyote ya aina hiyo itakupa kipimo. Toboa sproketi yako kwa kuifuata, uifunge kwa bolti zote sita, kisha geuza gurudumu ili upande wa diski uje upande wa cheni. Bolti sita hazijali unakanyaga mbele au nyuma.

Halafu cheni. Ikilegea, kila ukibadilisha nguvu kutoka mbele kwenda nyuma utahisi pengo, na ikitoka ukiwa juu kule huna breki wala mizani. Ivute mpaka katikati yake iende na kurudi kwa sentimita moja, si zaidi. Zungusha kranki polepole mzunguko mzima ukipima, kwa sababu sproketi za mkono si duara kamili na kuna mahali cheni itakaza zaidi. Pima pale inapokaza zaidi, ndipo ufunge.