Tamthilia za imani zinamjenga mtu au zinamzoesha kutaka malipo ya haraka?

Mkuu, umeuliza kama tamthilia hizi za dini zinafundisha utii kweli, au zinamfanya mtu adhani kwamba akimtii Mungu leo, kesho mambo yatanyooka. Umeuliza pia kama uwaache wanao wazitazame. Nakujibu kwa lililonipata.

Kazini niliwahi kutakiwa nitie saini hesabu nilizojua si za kweli. Nilikataa kwa kumcha Mungu, nikaachishwa kazi. Kipindi kile nilitazama sana tamthilia za imani, na nyingi ziliniumiza. Mhusika anakataa rushwa, anafukuzwa, anasujudu akilia, na kabla kipindi hakijaisha simu inaita: kapata kazi nono kuliko ya kwanza. Yangu haikuita. Nikaanza kujiuliza kama ibada yangu ina kasoro, na hayo ndiyo madhara ya hadithi za aina hiyo. Anayesubiri anajiona amekataliwa.

Iliyonishika mkono ni ile ya Iran ya Nabii Yusuf, aliyoiongoza Farajollah Salahshoor, iliyoanza kurushwa mwaka 2008. Ina vipindi 45, na wengi wanalalamika kwamba inajivuta. Kwangu mimi huo ndio ubora wake. Yusuf anafungwa kwa sababu amekataa kumuasi Mola wake, tena alishasema kwamba gereza ni bora kwake kuliko zinaa anayoitiwa na mke wa bwana wake. Kisha mfungwa mwenzake anatoka na kusahau kumtaja kwa mfalme, na Qur'ani inatuambia Yusuf akakaa humo miaka kadhaa. Ukisoma kitabu cha Mwanzo utakuta ana miaka 17 habari yake inapoanza, na 30 anaposimama mbele ya Farao. Miaka 13 hiyo, na baba yake bado hajamwona!

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni pale mjumbe wa mfalme alipokuja kumtoa. Yusuf hakukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza mfalme aulize habari za wale wanawake waliojikata mikono kwa kuduwaa na uzuri wake, waliojua kwamba hana hatia. Angekuwa anatii ili apate kutoka tu, angetoka palepale. Yeye alitaka haki ijulikane kwanza. Niliitazama sehemu ile nikarudia tena, na tangu hapo sikusikitika tena kwa kukataa kutia saini, ingawa bado sikuwa na kazi.

Kwa hiyo ukitaka kupima tamthilia ya aina hii, iangalie katikati yake. Je, inampa mhusika muda wa kusubiri bila jibu? Na waliokosea inawafanyaje? Yusuf alipowapata mkononi ndugu zake waliomtupa kisimani aliwaambia hakuna lawama juu yao siku ile. Hadithi inayomaliza kwa kuwakomoa wabaya imenipa burudani, haijanipa imani.

Wanao waache waitazame, ila usiwarukishie vipindi vya gerezani kwa kuwa vinachosha. Na wasome Sura Yusuf kwanza, aya 111 tu, kwa sababu tamthilia imeongeza mengi. Yale ya Zulekha, yule mke wa bwana wake, kurudishiwa ujana na kuolewa na Yusuf hayamo kwenye Qur'ani, na hata jina lake halikutajwa humo. Mtoto asiyejua hilo atakua akiyashika maneno ya mwandishi wa tamthilia kama wahyi.